Mume wa Pili wa Theodosia

Mwaka wa mvua za El Nino, barabara ya kutoka Busunzu kwenda Kibondo ilikatika mara kwa mara, na maji yakatuama kila mahali: kwenye mashimo ya kufyatulia matofali, chini ya migomba, hata kwenye nyayo za ng'ombe. Mbu wakawa wanauma mchana kweupe. Watu wengi wa Busunzu walishikwa na homa msimu ule, homa ya kuuma viungo na kuuma nyuma ya macho. Walilala siku chache, wakaamka wamekonda, wakarudi kwenye maharage yao.

Theodosia naye aliamka. Alikuwa mke wa Bazilio Niyonkuru, mrina asali, mtu mrefu, mpole, mwenye mizinga iliyotapakaa porini kuelekea Moyowosi. Wote wawili walikuwa wamevuka kutoka Burundi wakiwa watoto, mwaka wa sabini na mbili, kila mmoja na watu wake, wakakutana hukuhuku Busunzu na kuoana. Walizaa watoto watatu wakabakiwa na mmoja, binti aitwaye Aline, aliyekuwa amemaliza darasa la saba. Kirundi chao na Kiha cha majirani vilikwisha kuchanganyika kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka tena kuwaita wakimbizi.

Homa ilikuwa imemtoka yapata wiki mbili alipoanguka mtoni, akiwa anaopoa mihogo aliyoiloweka. Aline alimkuta amelala ubavu kwenye matope, mwili ukitikisika kwa degedege, na meno ameyauma. Walimbeba kwa machela mpaka barabarani, wakapata lori la chakula cha kambi za wakimbizi, na kufika hospitali ya Kibondo jioni ile. Alikuwa hana fahamu.

Daktari aliyempokea aliitwa Lusajo, kijana wa Rungwe ambaye serikali ilikuwa imempangia Kibondo. Alipima malaria, hakuiona. Alimwekea dripu ya kwinini hata hivyo, kisha akachukua maji ya uti wa mgongo na damu, akaituma damu Dar es Salaam kwa ndege ndogo ya mashirika ya wakimbizi. Alimwambia Bazilio kwamba anavyodhani yeye, hiyo homa iliyopita kijijini ni ya kirusi kinachobebwa na mbu. Kwa watu karibu wote huisha yenyewe. Kwa mmojammoja, mara chache sana, hupanda kichwani baada ya mtu kudhani amepona, na ubongo huvimba.

"Ataamka?" Bazilio aliuliza.

"Tusubiri," Lusajo alisema. "Na akiamka, tutaona ameamka vipi."

Bazilio hakuyatilia maanani maneno hayo ya mwisho. Alikaa kando ya kitanda, akimfuta mkewe mate, akimgeuza asipate vidonda, akimwimbia kwa sauti ya chini nyimbo za kanisani kwa sababu hakujua la kumwambia.

Theodosia alifumbua macho asubuhi moja mvua ikiwa imekatika. Alimwona Aline kwanza. Alimwita jina, akaomba maji, akauliza mihogo iko wapi. Aline alilia, akacheka, akampa maji kwa kijiko. Kisha Theodosia akageuza kichwa na kumtazama Bazilio. Alimtazama kwa muda mrefu, na taratibu uso wake ukajikunja.

"Huyu ni nani?"

"Mama, ni baba huyo."

Theodosia aliendelea kutazama: paji la uso, masikio, mikono. Halafu akamvuta binti yake karibu na kumnong'oneza, lakini Bazilio alisikia.

"Anafanana naye," alisema. "Baba yako yuko wapi?"

Walidhani ni uchovu wa ugonjwa, utapita. Haukupita. Theodosia aliwajua wote. Alimjua mwenyekiti wa kitongoji alipokuja kumwona, akawajua wanawake wa jumuiya, akamuuliza Felician, katekista wao, kama mkewe amejifungua. Aliikumbuka siku ya ndoa yake na rangi ya shati alilovaa bwana harusi. Ni mtu mmoja tu duniani ambaye, machoni pake, hakuwa yeye. Uji alioletewa na Bazilio aliukataa. Akimwona mlangoni aliwaomba wauguzi kwa adabu wamwambie yule mtu atoke, kwamba ana mume na mumewe akija itakuwa aibu.

Waliporudi nyumbani hali ilizidi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umelegea, akawa anauburuta, lakini kila jioni aliburuta pia kinu mpaka mlangoni mwa chumba alicholala na Aline, akakiegemeza. Bazilio alilala sebuleni. Mchana aliweza kumwona mkewe akimchungulia kupitia migomba, namna mtu anavyomchungulia mgeni ambaye hajasema shida yake. Siku moja Bazilio alikunja mkono wa shati na kumwonyesha kovu refu alilolipata alipoanguka kutoka mtini na mzinga, miaka yao ya kwanza. Yeye Theodosia ndiye aliyelisafisha kidonda kile kwa maji ya chumvi.

Theodosia alisogea, akaligusa kovu kwa kidole, akafuata urefu wake wote.

"Wamemchunguza vizuri mume wangu," alisema.

Maneno kama hayo hayakai ndani ya nyumba. Majirani walianza kuulizana. Wengine walisema mke amerogwa. Wengine, na hao ndio waliomuumiza Bazilio zaidi, walisema huenda mke ndiye anayeona sawasawa: kwamba Bazilio alifia porini msimu wa asali, na kilichorudi nyumbani ni msukule wa mtu mwingine. Wateja wake wa asali wakapungua. Njiani watoto walimpisha mapema mno. Ilifika mahali yeye mwenyewe akawa anaamka asubuhi na kujitazama kwenye kipande cha kioo kilichobandikwa ukutani, akijipapasa taya, akitafuta kile ambacho mkewe alikiona, au kile alichokikosa.

Dada yake Theodosia, Immakulata, aliyekuwa akipika parokiani Kasulu, alikuja kumchukua akapumzike kwake. Theodosia alifurahi kuondoka. Theodosia akiwa anafunga mizigo, Immakulata alitoka nje na kukaa karibu na shemeji yake.

"Aliwahi kukueleza habari za koti la baba?" alimuuliza.

Bazilio alisema hapana.

Immakulata alisimulia bila haraka. Walipokuwa wanakimbia Burundi mwaka ule, baba yao alibaki nyuma, akasema atawafuata. Wakajificha kwenye matete karibu na mto wakimsubiri. Asubuhi wakaona mtu anakuja amevaa koti la baba yao, la kahawia, lenye kiraka kiwikoni. Theodosia alikuwa mdogo. Alichomoka kwenye matete akamkimbilia, akamkumbatia miguu. Alipoinua uso, hakuwa baba.

"Yule mtu hakumfanya kitu," Immakulata alisema. "Naye alikuwa anakimbia, koti aliliokota au alipewa, sijui. Alimwondoa mikono taratibu, akavuka. Lakini baba hatukumwona tena. Mdogo wangu hajawahi kulisema jambo hilo tangu siku ile, hata kwangu."

Bazilio alikuwa ameishi na mwanamke yule miaka zaidi ya kumi na mitano. Aliliona basi likiondoka, na mkewe dirishani ametazama mbele.

Mwezi ulipopita bila habari, alikwenda Kibondo parokiani kuomba padri amsaidie kuzungumza na Kasulu kwa redio kolu, ile simu ya upepo. Padri aliita, Kasulu wakaitika, wakamtafuta Immakulata jikoni. Bazilio alishika kile kizungumzio na kuuliza kuhusu mgonjwa, anakula, analala. Upande wa pili kulikuwa na mkwaruzo tu, kisha sauti ambayo haikuwa ya Immakulata.

"Baba Aline?"

Bazilio alimtazama padri.

"Baba Aline, ni wewe? Uko wapi?"

Padri alimwonyesha kwa kidole mahali pa kubonyeza. Bazilio akabonyeza. "Ni mimi," alisema. "Niko Kibondo."

Alimsikia mkewe analia, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Theodosia alimuuliza mbona amepotea hivyo, kama amekula, kama nyuki wamemuuma. Halafu sauti yake ikashuka, kana kwamba kuna mtu wa tatu ndani ya chombo kile.

"Usiende nyumbani peke yako," alisema. "Kuna mtu pale. Amevaa sura yako."

Bazilio alikwenda moja kwa moja hospitalini. Daktari Lusajo alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango wa chumba chake, akakaa. Majibu ya Dar es Salaam yalikuwa yamefika: kirusi cha mbu, kama alivyodhani. Lakini jambo hili la sura, alisema, ameliona kitabuni tu, aya fupi, wala hakutegemea kumwona mgonjwa wake. Alijaribu kulieleza kadiri alivyolielewa. Mtu akimwona mtu wake, macho hutambua sura, na hapohapo moyo hutulia, ndipo anajua ni yeye. Kwa Theodosia macho yanaona sawa, ila ile njia ya kuupelekea moyo habari imeungua. Anaona uso wa mumewe na moyo hautulii, basi anahitimisha kwamba ni mwingine. Sauti hupita njia nyingine. Hiyo haikuungua.

"Kwa nini mimi peke yangu?" Bazilio aliuliza. "Mbona Aline anamjua?"

"Sijui," Lusajo alisema. "Labda kwa sababu kwako alitegemea kutulia zaidi."

Aliuliza kama kuna dawa. Lusajo alisema wengine hurudi wenyewe baada ya miezi, wengine hawarudi, na hakutaka kumpa ahadi.

Tangu hapo Bazilio alikwenda Kibondo kwa baiskeli kila alipoweza, akaongea na mkewe kwenye redio. Theodosia alianza kula vizuri, na mguu ukapata nguvu kidogo. Mwishowe Bazilio akamwambia arudi nyumbani.

"Utakuwepo?" aliuliza.

"Nitakuwepo."

Siku ya basi alivaa shati safi akamsubiri barabarani pamoja na Aline. Theodosia alishuka amefunga kitambaa kipya, akamkumbatia binti yake, kisha akaangaza macho kulia na kushoto, akapita juu ya uso wa Bazilio kama anavyopita juu ya nguzo.

"Amesema atakuwepo," alimwambia Aline.

"Nipo, Mama Aline," Bazilio alisema.

Alishtuka, akamtazama mdomo. "Siku hizi amejifunza na kuongea kama yeye," alisema kwa huzuni, akamshika Aline mkono wakaanza njia ya nyumbani.

Mambo ya nyuma ya jiko yalianza bila kupangwa. Jiko lao lilikuwa kibanda cha udongo kando ya nyumba, na nyuma yake palikuwa na kigogo cha kuchanjia kuni. Alasiri moja Bazilio alikuwa pale anapumzika, akawa anaimba chinichini bila kujijua. Ndani, Theodosia alikuwa anapukuchua maharage. Mkono wake uliacha kupukuchua.

"Baba Aline?" alisema kupitia ukutani.

Bazilio alitaka kuzunguka aingie. Akakumbuka ile siku ya basi, akabaki palepale. "Nipo," alijibu.

"Mbona huingii?"

"Siwezi kuingia sasa."

"Ni kwa sababu yake?"

Alifikiri. "Ndiyo," alisema, na hakuona kwamba amedanganya.

Basi ikawa hivyo. Alasiri akitoka shamba au porini, alikwenda nyuma ya jiko na kukaa kwenye kigogo, na mkewe akasogeza kigoda chake mpaka ukutani. Walizungumza kuliko walivyowahi kuzungumza tangu kuoana. Theodosia alimwambia jinsi alivyoogopa misimu yote ambayo mumewe alikaa porini, na kwamba huwahesabu bado watoto wao wawili waliokufa, akipika huwaza sufuria ya watu watano. Siku moja alimwambia, baada ya kusitasita, kwamba hajawahi kuipenda asali. Ilimkereketa koo. Aliila miaka yote kwa sababu alimwona alivyofurahi kumletea.

Bazilio alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ndani mkewe naye alicheka. Wakati ule Bazilio alisahau kabisa kuna kitu kimeharibika.

Halafu jua lilishuka, akazunguka kibanda akaingia uani, na mwanamke aliyekuwa akicheka naye akanyamaza na kukaza kitenge kifuani.

Jioni moja Theodosia hakusubiri mumewe azunguke. Alikuja mwenyewe nyuma ya jiko, haraka kadiri mguu ulivyomruhusu, akamkuta amekaa kwenye kigogo. Alimtazama, akatazama nyuma yake kwenye migomba, akatazama tena. Alikaa chini kwenye vibanzi vya kuni.

"Alikuwa hapa," alisema. "Umemfukuza."

Bazilio alipiga magoti mbele yake, akamwambia ni yeye, akamtajia mambo ambayo hakuna mwingine angeyajua, asali, sufuria ya watu watano. Theodosia alizidi kurudi nyuma, kwa kuwa sasa aliona kwamba mtu huyu husikiliza mazungumzo yao. Ilibidi Aline aje kumchukua. Theodosia hakuja tena nyuma ya jiko, ila baada ya siku chache alirudi kwenye kigoda chake ukutani. Na Bazilio hakujaribu tena kumthibitishia.

Miezi ilikwenda. Mchana, yule mgeni alimchongea mkongojo wa mti mwepesi, akamchotea maji, akamchemshia ya kuoga, akalima peke yake shamba walilozoea kulima wawili. Jioni, sauti ilikaa nyuma ya jiko na kusikia habari za mgeni huyo. Mwanzoni zilikuwa malalamiko. Baadaye Theodosia alisema mtu huyo hali mpaka wao wamekula. Baadaye akasema kinu haegemezi tena mlangoni, ni kizito, na mtu mwenyewe hata hasogei. Bazilio aliyapokea maneno hayo kwa furaha iliyomchoma, kwa sababu hakujua ni yupi kati yao wawili anayesifiwa na ni yupi anayeibiwa.

Aline ndiye aliyemfuata, siku walipokuwa wawili tu shambani wanang'oa maharage. Alikuwa ameiinamia kazi na hakuinua kichwa.

"Baba, mama huvaa vizuri alasiri. Umeona?"

Alisema ameona.

"Anamvalia mtu asiyekuja. Anasubiri aingie, kila siku. Na wewe unapenda kule nyuma kwa sababu kule anakupenda. Mimi ndiye ninayekaa naye unapoondoka. Hukai hapo ukamwona."

"Unataka nifanye nini? Nimnyime hata hiyo sauti?"

Aline alikung'uta udongo kwenye mizizi. "Sijui," alisema. "Ila mama hawezi kuishi na nusu mbili."

Bazilio hakwenda nyuma ya jiko siku mbili tatu. Alipokwenda, mvua mpya za mwaka uliofuata zilikuwa zimeanza, na Theodosia alikuwa ameshakaa ukutani.

"Nilijua utakuja," alisema. "Kuna neno nataka kukuuliza, usinikasirikie."

"Sema."

"Yule mtu. Nikimwambia aondoke, ataenda wapi?"

Bazilio alibandua gome la kigogo kwa kucha.

"Mchana nakaa na asiye wangu," Theodosia aliendelea. "Jioni naongea na aliye wangu, naye haingii. Nimechoka, Baba Aline. Niambie kweli. Ulifia porini?"

Bazilio aliweka kiganja kwenye ukuta wa udongo. Ulikuwa na joto la moto wa ndani. Angeweza kusema niko hai, na kesho angekuwa hapa tena, na keshokutwa, na yule mwanamke angefunga kitambaa kipya kila alasiri mpaka uzee.

"Sijui nikujibu nini," alisema.

"Umeshanijibu."

Mvua iligonga majani ya migomba.

"Ni mtu mwema?" Bazilio aliuliza.

Theodosia hakuharakisha. "Anaogopa," alisema. "Ananitazama kama mtu aliyepoteza kitu chake ndani ya nyumba yangu, anaona haya kuuliza. Ndiyo. Ni mwema."

"Basi kaa naye."

"Hutaona wivu?"

"Nitaona."

Alimsikia akicheka kidogo, na kicheko kikakatikia njiani. "Nenda salama, Baba Aline," alisema. Kigoda kikasogezwa kutoka ukutani.

Bazilio aliondoka alfajiri kwenda porini, akakaa huko mpaka unga ukamwishia. Aliporudi alimkuta mkewe amenyoa nywele. Alikuwa ameweka matanga. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamekaa naye kwenye mikeka, hawajui waseme pole ya nani, na walipomwona marehemu anaingia uani na mzigo wa nta begani, mmoja alijiziba uso kwa kanga. Bazilio aliwasalimia. Maji yalikuwa yamewaishia, akachukua ndoo akaenda kuwachotea.

Nywele zilipoanza kuota, Theodosia alimkuta siku moja anasuka kamba ya kupandishia mzinga. Alikaa mbali kidogo, mguu mbovu ameunyoosha.

"Umeishi hapa muda wote huu sijakuuliza jina," alisema.

Bazilio alitafuta la kumpa. Lilikuwepo moja ambalo hakuna aliyemwita kwalo tangu mama yake alipofariki, lililokuwa limebaki kwenye vyeti tu.

"Niyonkuru," alisema.

"Niyonkuru." Alilijaribu mdomoni, kana kwamba hajawahi kulisikia. "Sauti yako inafanana na ya mume wangu. Usiudhike nikikutazama vibaya wakati mwingine."

Walianza kula pamoja. Lakini Theodosia alikuwa mkristo wa dhati, na hakutaka kuishi na mwanamume bila baraka. Alimtuma Felician kwa padri aombe ndoa. Katekista alikwenda na kurudi mara kadhaa, akiwa amechanganyikiwa, maana mtu hawezi kufungishwa ndoa na mume wake mwenyewe. Padri alimwita Bazilio, akamsikiliza, akasema kuna ibada ya wanandoa kurudia ahadi zao mbele ya Mungu, na hakuna sheria inayomkataza mmoja wao kuzisema kama mara ya kwanza. Wakafanya hivyo katika Misa ya kawaida, kanisa la Busunzu, kiangazi. Theodosia alizitamka ahadi kwa woga wa bibi harusi. Bazilio alizitamka, akasimama katikati, ikabidi padri amngojee.

Usiku huo hakuna kinu kilichoegemezwa popote. Aline alihamia sebuleni.

Theodosia hakupona zaidi ya hapo. Daktari Lusajo, alipopita Busunzu na gari la chanjo, alimpima macho na mguu, akanywa chai, akamsikiliza anavyomwita mumewe Niyonkuru. Alipokuwa anaondoka alimuuliza Bazilio kama anaweza kuishi hivyo. Bazilio alimwambia kwamba anaweza, ila kuna asubuhi akiamka husubiri kidogo kabla ya kufumbua macho, kwa sababu hajui ni nani anayeamka.

Mwaka ule, siku za kuwaombea marehemu zilipokaribia, Theodosia alimpa Felician majina ya watu wake wa kuombewa: baba yake, watoto wake wawili, na mumewe Bazilio. Felician alitembea mpaka porini kumtafuta mwenye jina. Alimkuta juu ya mti, akamngoja ashuke.

"Nifanyeje?" aliuliza.

Bazilio alifuta moshi machoni. "Soma kama alivyokupa."

Siku yenyewe kanisa lilijaa mpaka nje. Majina yalisomwa ya kijiji kizima, ya wazee, ya waliobaki ng'ambo ya mto, ya watoto waliokufa mwaka wa mvua kubwa. Felician alipofika kwenye jina lile sauti yake ilipungua, lakini alilisoma. Mabenchi kadhaa yaligeuka. Theodosia alishika mkono wa mtu aliyekaa kando yake, akaubana, na Bazilio akaitikia pamoja na watu wote, akimwombea raha ya milele.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Aline akiwa ametangulia na wenzake. Theodosia alisema asante, si kila mwanamume angekubali kukaa kanisani kumwombea aliyemtangulia.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" Bazilio aliuliza. Hakuwahi kuuliza.

Akaanza kumweleza. Alieleza njia nzima, akisimama kupumzisha mguu na kuendelea, alivyoimba, alivyochelewa, alivyokuwa na subira na watoto wagonjwa, namna alivyopanda miti kama hana uzito. Bazilio alitembea kwa mwendo wake, amemshikia mkongojo kwenye miteremko. Mengine aliyakumbuka. Mengine hakuwahi kuyafanya, yalikuwa mema kuliko yeye, na hakumsahihisha.